Mfupa wa Kwanza

Mdomo wangu ulinifukuzisha kazi mara mbili kabla haujanichimbia kaburi. Mara ya kwanza ilikuwa kiwandani, nilipomwambia mnyapara kwamba kofia yake ingependeza zaidi juu ya kichwa chenye kitu ndani. Ya pili ilikuwa Nairobi, na sitaieleza, maana aliyenifukuza bado yuko hai na ana mbwa. Ya tatu ilinikuta nyumbani, Februari ya mwaka wa tisini na sita, mahindi yameshavunwa na ardhi iko uchi, wakati ambapo mwenye jembe hana la kufanya na mwenye mdomo ana mengi.

Mwezi huo ndipo Daktari Jepchirchir alipokuja kijijini kwetu, hapa ukingoni mwa msitu, ng'ambo ya Isecheno. Alitoka kwenye makumbusho, akiwa na wanafunzi wawili na ramani kubwa tupu, nyeupe kama shuka la mgeni. Aliitundika kwenye ukuta wa shule ya nasari akatuambia, "Ninyi ndio mnaojua nani aliishi wapi. Sisi tunajua kuchimba tu. Tutembezeni."

Tukamtembeza. Mimi nilichukuliwa niwe kiongozi wa njia, na nadhani ni kwa sababu nilikuwa wa kwanza kuongea. Tulimwonyesha mahame ya watu waliohamishwa mpaka wa msitu ulipopigwa, palipobaki udongo mweusi na mboga zinazojiotea. Tulimwonyesha chemchemi ambayo wazee wawili waligombania jina lake hadi mmoja akaenda nyumbani bila kula. Tulimwonyesha mahali palipofuliwa chuma, na mavi ya chuma yametapakaa chini. Yale mavi nilikuwa nikiwatupia mbuzi utoto wangu wote. Daktari aliokota moja akalifunga kwenye karatasi laini kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.

"Mama," nikamwambia, "ukiyapenda hivyo, njoo kwangu, kuna na ya ng'ombe."

Alicheka. Watu wote walicheka, isipokuwa Protus, jirani yangu, ambaye hajawahi kucheka mzaha wangu tangu tulipokuwa darasa la kwanza.

Kati ya boma la Protus na langu kuna kipande kirefu kinachoshuka hadi mtoni. Juu yake imekaa nyumba yangu ya mabati, choo changu, na sukuma wiki za mke wangu. Sina kingine duniani. Mwaka wa sitini na tisa baba ya Protus alikidai mbele ya wazee. Baba yangu aliketi juu ya mawe matatu yaliyoko katikati ya kipande, akasema, "Baba yangu Ingosi amelala hapa. Anayetaka nimhamishe aniletee jembe." Hakuna anayemletea mtu jembe la kufukulia baba yake. Wazee wakaamua kipande ni chetu, lakini hati haikutoka. Faili ilikwenda mjini Kakamega ikalala huko hadi ikasahau jina lake. Baba ya Protus alikufa akinung'unika, na Protus alirithi ng'ombe wanne na manung'uniko.

Sasa ilitangazwa kwamba wapima ardhi watakuja Aprili, wapige mipaka upya. Kila mtu alijua kipande kitamfuata mwenye kaburi.

Na mimi nilijua kitu ambacho Protus hakukijua. Baba aliniambia mwaka wa themanini na tatu, siku mbili kabla hajafa, amenishika mkono kama anayenipa kitu kizito. "Babu yako hayumo mle."

Ingosi alichukuliwa vitani, na mwaka wa arobaini na nne meli ikazama naye. Kwetu mtu akipotelea mbali na mwili usirudi, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Huvikwa shuka, huliliwa usiku kucha, huitwa kwa jina lake, hushushwa shimoni kama mtu. Likishafukiwa ni mtu kweli, na neno mgomba halitamkwi tena. Ukilitamka, umemfukua. Kwa hiyo baba hakuwaongopea wazee. Ila mimi, ambaye siwezi kuweka mzaha tumboni nusu saa, niliweka neno hilo miaka kumi na mitatu.

Jumatatu moja tulikusanyika nasari kuijaza ramani. Watoto walikuwa wamepewa ruhusa, nasi tumekalia viti vyao, magoti yetu masikioni. Daktari alisema makaburi yatawekwa kwa hiari ya wenyewe tu. Nikainuka, nikachukua penseli, nikachora msalaba mkubwa katikati ya kipande changu, kisha nikageuka kama mtu anayengoja kupigiwa makofi.

Protus alisimama. "Daktari, hii ramani inachorwanga kwa ukweli ama kwa mdomo? Kaburi hilo tangu nizaliwe sijaona mtu ameliwekea hata ua."

"Babu alikufa kabla maua hayajaanza kuuzwa," nikasema.

"Alifia wapi? Nani alimwona?"

"Muulize mwenyewe. Si unasema wewe humwogopi mtu?"

Chumba kikaangua kicheko. Protus akangoja kiishe. "Basi wachimbe," akasema polepole. "Hawa si ndio kazi yao? Wachimbe, tuone kama kuna mtu."

"Hapana," akasema Daktari Jepchirchir. "Hatufukui makaburi ya watu wenye jamaa hai. Hiyo si kazi yetu na sitaki iwe."

Hapo nilikuwa nimeokoka. Mtu mwenye akili angekaa chini. Lakini kile kicheko bado kilikuwa hewani, kitamu, na mimi ni mtu ambaye nikiona nzi nataka kujua kama anaweza kucheka.

"Chimbeni!" nikasema. "Babu yangu hakuwa mtu wa kujificha. Ama mnaogopa atawadai kodi ya kichwa?"

Walicheka hadi kiti kimoja kikavunjika. Pale mlangoni Kukhu Dorothy, mama yake Protus, alikuwa akipukuchua maharagwe kwenye ungo. Tulimwita Kukhu sote, maana alishakuwa bibi wa nusu ya kijiji. Aliacha kupukuchua. Alinitazama kwa muda mrefu, bila kucheka.

Lazarus, naibu wa chifu, ambaye alikuwa amelala na kofia usoni, akaiondoa. "Umesema mbele ya mashahidi, Andati."

"Nilikuwa natania, bwana."

"Shamba si utani. Kesi hii imenichosha. Wapima hawatanikuta nayo." Akamgeukia Daktari. "Mwenye kaburi amekubali. Serikali iko hapa, ndiyo mimi. Unataka nini tena?"

Daktari alinitazama. Aliniuliza mara tatu, kwa upole, kama mtu anayemwuliza mlevi kama kweli anataka kuvuka mto. Kila aliponiuliza niliona meno ya Protus. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwishowe akakubali kwa sharti. "Tutashuka kidogo kidogo. Tukikuta mfupa wa kwanza, hata wa kidole, tunasimama. Tunafukia, tunaomba radhi, basi."

Nikatia sahihi. Lilikuwa sharti la heshima kabisa, na ndilo lililonimaliza. Atasimama vipi kwenye mfupa wa kwanza mahali ambapo hata huo mmoja haupo?

Jioni hiyo mke wangu alinipakulia obusuma na mboga, nikabaki nikiutazama ule mlima wa ugali kama umenitukana.

"Si ni babu yako?" akasema. "Watamwona, watafukia. Unatetemeka nini?"

"Ni baridi."

"Februari?"

Sikumwambia. Niliwaza hata kwenda usiku kufukia mfupa wa mbuzi mle. Lakini yule mama alikuwa amemtambua swala wa miaka mia tatu kwa kipande cha mfupa kidogo kama kucha. Mbuzi wetu wa Krismasi angemtambua na jina lake.

Walichimba Alhamisi. Watu walikuja wengi kuliko kwenye matanga. Wanafunzi wakaondoa yale mawe matatu, wakayapanga pembeni kwa mpangilio uleule, wakavuta kamba kwenye misumari minne na kuanza kukwangua kwa miiko ya waashi. Baada ya kina cha shubiri mbili rangi ya udongo ikabadilika. Kwenye wekundu wote ule kukatokea umbo la kahawia, refu, kama mlango uliolazwa.

"Ni shimo la kaburi," Daktari akasema. "Lilichimbwa na watu, likafukiwa mara moja."

Minong'ono ikapita. Lazarus akaandika. Mimi nikapata pumzi ya kwanza tangu Jumatatu. Nikamwambia Protus, "Jirani, umenyamaza. Umekula nini?"

Wanafunzi wakashuka hadi magotini. Wakashuka hadi kiunoni. Wakafika chini kabisa, mahali udongo mgumu unapoanza, wakakuta doa jeusi, refu kama mtu, laini kama majivu ya nyasi. Daktari akaingia mwenyewe shimoni. Akapiga magoti, akafagia kwa brashi, akachekecha udongo wa kila koleo. Hakukuwa na mfupa. Alirudia upande wa kichwa, akitafuta meno. Hakukuwa na jino.

Tumbili alisikika msituni.

"Haya, Andati," akasema Protus. "Mfupa wa kwanza uko wapi? Ama mzee ametoka kidogo, atarudi?"

Wakacheka. Kilikuwa kicheko changu, ninakijua kama ninavyojua ng'ombe wangu, na sasa kilikuwa kinakamuliwa na mtu mwingine.

Daktari alipanda juu akapangusa mikono. Alikuwa na huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniletea balaa. "Msicheke," akasema. "Udongo huu mwekundu unakula mifupa. Kwa mvua za hapa, miaka hamsini inaweza kutosha. Meno kwa kawaida hubaki, lakini siwezi kuapa kwamba hapakuwa na mtu." Akanigeukia. "Alipokufa alikuwa mzee sana? Alikuwa na meno?"

Alikuwa amenifungulia mlango. Nikaona nyumba yangu upande wa pili, mabati yanang'aa. Nikaingia.

"Hakuwa na hata jino moja," nikasema. "Alikuwa mzee wa kulishwa uji. Alifia pale nyumbani, mikononi mwa baba yangu. Udongo umemla."

Lazarus akalamba ncha ya kalamu, akaanza kuandika: udongo umemla.

"Alikuwa na meno."

Sauti ilitoka nyuma. Watu wakampisha Kukhu Dorothy, akaja hadi ukingoni, akiegemea mpini wa jembe. Hakunitazama mimi. Alilitazama lile doa.

"Ingosi alikuwa na meno. Mawili ya chini aling'olewa kama rika lake lote. Yaliyobaki alikwenda nayo vitani, na alipocheka uliyaona ukiwa ng'ambo ya mto. Hakuwa mzee. Alikuwa hajafika arobaini."

"Mama," akasema Protus, "haya si mambo yako."

"Ni ya nani? Wewe uliyekuwa hujazaliwa?" Akashusha pumzi. "Nilikuwa katika mwezi wangu wa pili tangu niolewe hapa. Baba yako alikuwa amerudi Kericho kwenye chai, hakuona lolote. Mama mkwe alinipa panga akaniambia, nenda kule mtoni, chagua ulionyooka, ambao bado haujazaa."

Wazee walikwisha kuelewa, wakainamisha vichwa. Mmoja akasema, "Dorothy, acha." Hakuacha.

"Mgomba," akasema.

Lazarus aliinua kalamu yake kutoka kwenye karatasi, taratibu, kana kwamba karatasi ina moto.

"Haukatwi kwa mfiwa," akaendelea. "Hukatwa kwa jirani. Na jirani akiutoa, amekubali mahali unapokwenda kulala. Baba mkwe wangu aliubeba mwenyewe, upande wa kichwa. Protus, huyo ni babu yako. Alijua anaupeleka kwenye shamba la nani. Mwaka ule wa kesi alikuwa ameshakufa, na mimi nilinyamaza, maana neno lile halisemwi, na mume wangu alikuwa hasikii la mtu."

Protus alitazama mto, akatazama mawe matatu, akatazama tena mto. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepiga hatua ambapo ngazi imekwisha.

Nilifikiri nimeshinda. Ndivyo nilivyo, naona aibu. Nilianza hata kutabasamu. Ndipo aliponigeukia.

"Na wewe usicheke. Ungesema ukweli, tungekuwa mashahidi wako, sisi tuliotoa. Ungenijia tu kwa mlango wa jikoni ukaniambia, Kukhu, nimebanwa. Ningesimama. Lakini umetufuta. Mtu tuliyekupa sisi, tukamlilia na kumbeba, unasema udongo umemla. Umemfukua kwa mzaha, kisha ukamzika kwa uongo."

Nilitafuta neno. Mimi, Andati, nilitafuta neno na halikuwepo.

"Basi kesi imekwisha?" Lazarus akauliza.

"Imekwisha vipi na mtu yuko nje?" akasema Kukhu. "Atazikwa upya, kama alivyozikwa. Kutoka kwetu."

Lazarus akalifunga daftari. "Nitaandika siku shimo litakapofungwa."

Kwa hiyo nyumba yangu haikuwa tena kwenye mfupa. Ilikuwa kwenye migomba ya Protus.

Siku tatu shimo lilikaa wazi. Mke wangu alilifunika kwa mabati mawili na hakusema nami ila kunionyesha chakula kwa kidole. Watoto walipelekwa shule kwa njia ya mbali. Siku ya tatu mawingu yalikusanyika juu ya msitu, ya kwanza ya msimu. Nikajua yakimwagika, kuta zitabomoka, na tutakuwa na dimbwi mahali pa babu.

Nikaenda uani kwa Protus. Alikuwa anakamua.

"Mulembe," nikasema. Hakuitikia. Kwetu usipoitikiwa salamu hiyo, amani imebaki mlangoni.

"Nimekuja kuomba."

"Leo hakuna mzaha?"

"Hakuna."

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. "Nikikupa mgomba nimekupa shamba. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Na bado umekuja."

"Shimo liko wazi, Protus. Mvua ndiyo hiyo."

Aliacha kukamua, lakini paji la uso alilibakiza ubavuni mwa ng'ombe. "Baba yangu alikufa akisema baba yako ni mwongo. Miaka yote nimeamka na neno hilo. Ndilo nimelimia, ndilo nimewalishia watoto. Sasa nilipeleke wapi?"

"Baba yangu hakuwa mwongo," nikasema. "Mwongo ni mimi. Hilo unaweza kuwaambia watoto, ni la kweli."

Akaanza tena kukamua. Nikasimama hadi ndoo ikajaa, akaibeba akapita karibu nami kama anayepita kando ya kigingi. Nikarudi kwangu.

Sijafika mlangoni nikasikia panga. Nikakimbilia mtoni. Kukhu Dorothy alikuwa ndani ya migomba, kanga ameifunga kiunoni, anakata, miaka yake sitini na minane ikipanda na kushuka na mkono. Nikanyoosha mkono nichukue panga.

"Toka! Mfiwa hakati."

Nikasimama pembeni kama jogoo aliyenyeshewa. Ulianguka kwenye pigo la tisa, mchanga, umenyooka, bado haujazaa. Aliinama akautia mikono, akajaribu kuuinua upande wa kichwa. Ukamteleza. Akajaribu tena. Shina la mgomba ni maji matupu, lakini ni zito kama mtu, na labda ndiyo sababu likachaguliwa. Sikuruhusiwa kukata, na kama naruhusiwa kubeba sikujua. Nilikuwa naogopa hata kuuliza.

Protus alitokea juu ya kijia. Alisimama. Matone ya kwanza yalianza kupiga majani, makubwa, yakisikika moja moja. Alimtazama mama yake akiinuka na kuinama, matope hadi kwenye vifundo.

"Mama, wacha."

"Sitaacha."

Akashuka. Hakunitazama. Akamshika mama yake mabega, akamweka kando taratibu kama anayehamisha mtungi, akainama akashika shina upande wa kichwa. Akangoja. Ilinichukua muda kuelewa anangoja nini. Nikainama nikashika miguu.

Tulipanda ule mteremko, mvua ikituingia mgongoni, utomvu ukitutiririkia vifuani. Mke wangu alikuwa ameondoa mabati. Alileta shuka letu la kitanda, hatuna jingine, na Kukhu Dorothy akamvika. Daktari Jepchirchir na wanafunzi wake walivua kofia. Kukhu aliita jina mara tatu, sauti yake ikapasuka kwenye la tatu, kisha tukashusha. Protus alirudishia udongo wa kwanza. Mimi nilirudishia wa pili. Mawe matatu yakarudi kama yalivyokuwa. Lazarus aliandika chini ya mwavuli, na wino ukatawanyika, lakini ulisomeka.

Keshoye kwenye nasari Daktari alisimama mbele ya ramani na penseli yake, pale kwenye msalaba wangu mkubwa. "Niandike nini hapa?"

Macho yote yalinijia. Nilikuwa na mawili matatu ya kusema, mazuri kabisa. Nikayameza.

"Andika Ingosi," akasema Kukhu Dorothy kutoka mlangoni, ungo wake magotini. "Yuko nyumbani."

Wapima walikuja Aprili wakapiga kigingi kwenye ua wa Protus, si kwenye wangu, kipande kikabaki upande wangu. Yeye alisimama hapo akawashikia mnyororo, amevaa lile shati la siku ile. Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo, hata uchemshe, hata uanike wiki nzima. Lake lina doa kifuani, upande wa bega, na langu lina doa kama hilo chini kidogo, tumboni, mahali ambapo miguu ilikaa. Nikamwambia mulembe. Akatazama kigingi, akatazama shati langu, akaenda kukamua.

Bado namsalimu kila asubuhi.